Saa Moja Kati ya Usubi na Jua

Jumanne, 4 Februari

Losheni tabaka mbili. Uso, masikio, mikono, na chini ya kidevu, kwa sababu jua la Lodwar hupiga mchanga likarudi juu, na kofia haizuii kinachotoka chini. Nikasubiri robo saa ikauke. Kisha mafuta ya kufukuza mbu juu yake. Ukianza na ya mbu, losheni haishiki. Shati la mikono mirefu, glavu mbili, leso shingoni, soksi juu ya suruali. Saa kumi na moja na robo jioni nilikuwa uwanjani.

Mwalimu Ekidor alishafika. Kaptura, akala za tairi, kichwa wazi. Ana miaka sitini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye aliyenifundisha gofu mwaka juzi nilipohamishwa kutoka Bungoma kuja masjala ya ardhi. Aliniangalia akacheka.

"Madam, leo unaenda vita gani?"

Uwanja wetu hauna nyasi. Mashimo tisa kwenye changarawe, na kuzunguka kila shimo duara la mchanga uliomwagiwa oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Tunaliita brauni. Wageni hucheka. Sisi tumezoea.

Napiga mpira moja kwa moja. Tatizo ni macho. Wengi wetu wenye ualbino hatuoni mbali. Mpira ukipita hatua hamsini, kwangu umekwisha. Mwalimu ndiye huutazama ulikoangukia na kwenda kuutafuta. Leo kwenye shimo la sita niliupeleka mara mbili kwenye vichuguu vilivyo kando ya vichaka vya miiba vya mathenge. Alipiga magoti akatafuta mpaka jua likazama. Akarudi akijikuna miguu.

Mashindano ya Kakuma ni tarehe mosi Machi. Wawili wawili. Nataka kushinda. Sijawahi kushinda chochote cha mwili.


Jumamosi, 8 Februari

Alfajiri. Mashimo tisa. Nilimaliza kabla ya saa mbili na nusu, nikakimbilia nyumbani. Kipande cha sikio langu la kushoto nilikiacha Eldoret kwenye meza ya upasuaji wa saratani ya ngozi nikiwa na miaka ishirini na sita. Sitaki kuacha kingine. Ndiyo sababu nacheza alfajiri na jioni tu.

Mwalimu anaweza kucheza saa sita mchana bila kofia. Anacheza saa zangu. Hajawahi kusema ni kwa ajili yangu. Sijawahi kumshukuru.


Jumanne, 11 Februari

Mwalimu alikuwa na homa. Alisema si kitu. Alimeza dawa ya malaria kutoka dukani, kozi nzima, wiki iliyopita. Leo alianza nyingine.

Nilimwambia avae suruali ndefu. Akasema, "Mimi nilizaliwa na hii mdudu, inanijua." Mdudu anayemsema ni usubi, yule mdogo kuliko mbu, hana mlio, hupita kwenye tundu la chandarua kama hakuna chandarua. Huruka chini chini. Upepo ukivuma haonekani. Upepo ukitulia, jioni, vifundo vya miguu vinawaka moto.

Vyangu haviwaki. Viko ndani ya soksi na mafuta.


Jumapili, 16 Februari

Kanisani Mwalimu alikaa wakati wa kuimba. Hukaa nyuma yangu na sauti yake naijua. Leo haikuwepo.

Baada ya ibada nilimsalimu mkewe, Mama Nakiru, kwa Kiturkana. Ejok. Ejok noi. Akageukia wengine. Hajawahi kunipenda. Au pengine hajui aniweke wapi, mwanamke asiye na mume, mweupe kuliko wazungu wa mashirika, anayecheza na mume wake kwa fimbo. Mkono wangu huushika kwa ncha za vidole.

Iliniuma. Nimeandika, basi.


Alhamisi, 20 Februari

Kaptura ya Mwalimu imefungwa kwa kamba. Alipoinama kuweka mpira niliona mgongo, mifupa imejipanga. Lakini tumbo limetoka upande wa kushoto. Mtu hawezi kukonda na kunenepa siku moja.

Nilipiga vizuri kuliko siku zote. Yeye alipumzika mara tatu.

Jioni nilimpigia Sista Atabo. Ni muuguzi hospitalini, ndiye hunipa losheni yangu kila baada ya miezi mitatu, na kabla hajaninyooshea chupa hunikagua masikio. Nilimweleza: homa isiyokatika, dawa za malaria mbili, kukonda, tumbo. Akauliza anakaa wapi jioni. Nikasema uwanjani. Akauliza kama kuna vichuguu. Nikasema vipo.

"Mlete kesho," alisema. "Usimkubalie hiyo mambo ya kesho kutwa."

Usubi hulala kwenye nyufa za vichuguu mchana. Hutoka jioni na alfajiri. Sista alinieleza kama anayesoma orodha ya sokoni. Wengine wana vijidudu vya kala-azar. Huingia kwa kung'atwa, hukaa miezi, kisha huvimbisha wengu na kumaliza damu. Asiyetibiwa hufa.

Jioni na alfajiri. Saa zangu.


Ijumaa, 21 Februari

Amekataa. Nilimfuata mpaka nyumbani kwake. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta kwenye kivuli, amejifunika shuka kwenye joto la kuchemsha maji.

Alisema wakimshika hospitalini hawatamwachia kabla ya Kakuma. Alisema baada ya Kakuma ataenda kwa miguu yake. Alifundisha miaka thelathini na hakuna shule aliyoiongoza iliyowahi kuleta kikombe nyumbani. Anataka kimoja.

Ningesema basi mimi siendi Kakuma. Ingetosha. Bila mimi hana mwenzake.

Sikusema. Nilisema, "Wiki moja tu, Mwalimu. Halafu unaenda."

Nilimwongopea Sista kwamba nimempigia Mwalimu na simu yake haikushika.


Jumanne, 25 Februari

Sikumwita Mwalimu. Nilikwenda peke yangu. Nilipoteza mipira minne. Nilisimama mbele ya vichuguu vya shimo la sita na sikuingia. Upepo ulikuwa umekufa. Nilisikia mbu sikioni. Usubi husikii.

Kazini nilifungua faili moja asubuhi nzima.


Ijumaa, 28 Februari

Tunaondoka alfajiri. Gari la jamaa wa idara ya maji, yeye pia anacheza. Nimepanga: losheni chupa mbili, moja nzima na moja nusu. Mafuta ya mbu. Mwavuli mkubwa. Miwani mbili za giza. Maji lita kumi. Nimeweka pia suruali ndefu, kipimo cha zamani cha Mwalimu. Nimeambiwa tutaanza saa moja asubuhi na kumaliza kabla ya saa tatu.

Mwalimu amepiga simu kusema yuko sawa. Sauti kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa.


Jumapili, 2 Machi

Jana sikuweza kuandika. Naandika sasa, kwa kufuata mpangilio.

Kakuma tulifika kumekucha. Uwanja wao ni kama wetu, ila mawe zaidi. Anayeutunza ni mzee mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi, Papa Bahati, fundi seremala. Alitukaribisha, akatuonyesha mahema mawili ya kivuli. Timu saba. Tulikuwa tayari saa moja kasoro.

Mgeni wa heshima hakufika. Saa mbili. Saa tatu. Waandaaji walisema haiwezekani kuanza bila yeye. Saa nne kasoro akaja, akahutubia. Tulianza saa nne na nusu.

Mchanga ulikuwa unang'aa mpaka miwani haikusaidia. Nilijipaka tena. Jasho liliiosha losheni, nikajipaka tena. Nilipaswa kujitoa. Nilijua. Nilimwangalia Mwalimu amesimama ameegemea fimbo, amevaa suruali niliyomletea, ameikunja kiunoni mara mbili, na akaashiria kwa kichwa kuniambia twende.

Shimo la kwanza tulishinda. La pili sare. La tatu tulishinda, la nne sare. Nakumbuka nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mwalimu alikuwa nyuma yangu anapumua kwa mdomo na mimi nilikuwa na furaha.

La tano, nilipiga mbali. Nikamwuliza mpira umekwenda wapi. Hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amepiga magoti, damu inatoka puani, si matone, inatiririka kwenye kidevu na kwenye shati. Alikuwa anaiangalia ikianguka mchangani kama si yake.

Nilifungua leso shingoni nikailowesha, nikambana pua. Nikamvika kofia yangu. Mwavuli ulikuwa umebaki kwenye hema. Nikainama juu yake nimfanyie kivuli, jua mgongoni kwangu. Sijui muda gani. Watu walikuwa mashimo mengine, mbali, na sauti yangu haikufika.

Papa Bahati ndiye aliyetuona. Alikuja anakimbia na mwavuli wangu na kipande cha turubai.

"Mama, kuya huku ku kivuli. Utaungua weye pia. Huyu mzee iko mgonjwa sana."

Alimbeba mgongoni. Mtu mzima, mwalimu mkuu, amebebwa kama mzigo wa kuni. Mwalimu hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kliniki walimwekea maji. Walisema damu yake ni kidogo mno, arudishwe Lodwar aanze vipimo vya kala-azar. Tulimlaza kiti cha nyuma. Njia nzima nilishika kichwa chake. Alisema neno moja tu, karibu na daraja. Aliuliza tulikuwa tunaongoza kwa mangapi. Nikasema mawili.


Jumatatu, 3 Machi

Walimtoboa kidole jana usiku, na leo wamerudia kwa uhakika. Ni kala-azar. Wengu umefika kitovuni. Kwanza damu, kisha sindano mbili kila siku, siku kumi na saba.

Sista Atabo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Simu ya Mwalimu haikushika wiki nzima?" Kisha akaendelea na kazi. Afadhali angenipiga kofi.

Mama Nakiru alikuwa mlangoni mwa wodi. Nilimwambia pole. Aliniangalia miguuni, soksi zangu, viatu vyangu vilivyofungwa.

"Kila jioni anaenda tafuta mpira yako," alisema. "Anarudi miguu imekulwa. Wewe umejifunga kama mtoto mchanga. Yeye je?"




Jumatano, 5 Machi

Shingo yangu nyuma imetoka malengelenge. Siwezi kulalia mgongo. Midomo imepasuka. Niliazima shuka la hospitali kuficha aibu: nilijifunika nikaenda kumwona akiwa amelala. Mkono wake una rangi ya majivu.

Sista alinitazama shingo akaniwekea maji baridi na mafuta. Alisema baada ya wiki tano nije anikague tena, kila alama. Nikasema sawa. Sikuogopa shingo. Nilitaka iume.


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda uwanjani saa nne asubuhi na mwavuli, bila fimbo. Sikwenda kucheza. Jamaa wa idara ya maji alikuja na vijana watano wenye majembe. Tumeng'oa brauni ya shimo la sita, tumeihamisha upande wa magharibi, kwenye changarawe tupu ambako upepo hauzibwi. Mathenge imefyekwa hatua thelathini. Vichuguu tumeviacha. Ukivivunja bila kujua unachofanya unawamwaga usubi nje tu.

Tulimaliza saa sita. Nilikunywa maji nikatapika.


Jumanne, 11 Machi

Siku ya nane ya sindano. Sindano inauma, anasema, kuliko ugonjwa. Lakini jana usiku hakutoka jasho. Leo aliniuliza nani alishinda Kakuma. Nikamwambia wenyeji, wale wawili wa shule ya kambini. Akasema, "Hawa wanapiga kama wanaua nyoka." Akacheka, akashika ubavu.

Nimekuwa nikijiandaa kusema kwa siku nane. Leo nikasema. Kwamba ni saa zangu. Kwamba ni mipira yangu. Kwamba Sista aliniambia mapema na mimi nikataka kikombe.

Mama Nakiru alikuwa hapo, anakunja nguo, mikono ikasimama.

"Mwezi wa kumi na moja nilikuwa Lopur na mbuzi za ndugu yangu," Mwalimu alisema. "Nililala chini wiki tatu. Vichuguu kila mahali. Ilinipata huko, ilinipata hapa, nani anajua? Usubi haiweki rejista, Madam."

Nilimuuliza Sista baadaye. Akasema ni kweli, ugonjwa hukaa miezi kabla ya kuonekana, hakuna anayeweza kusema ni mdudu wa wapi. Nilitegemea kupata nafuu. Sikupata. Mahali alipong'atwa sitapajua. Wiki ile niliyonyamaza naijua, ina siku na tarehe, iko kurasa chache nyuma.

Nilimwambia Mwalimu hilo pia. Kuhusu wiki.

Akasema, "Hiyo ni yetu wawili. Mimi ni mtu mzima. Nilikataa na mdomo yangu."

Mama Nakiru akaendelea kukunja nguo.


Alhamisi, 20 Machi

Sindano ya mwisho. Wengu umerudi nusu ya njia. Amepewa kadi ya kurudi kila mwezi, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuamka tena. Alitoka kwa miguu yake mpaka kwenye lango, akapumzika, akaendelea.

Mama Nakiru alibeba godoro. Nilishika upande wa pili. Hakunizuia.


Jumamosi, 29 Machi

Nimejaribu kutafuta saa. Wiki nzima nimekwenda uwanjani bila kucheza, nimekaa na miguu wazi mpaka magotini, nimepaka mafuta ya mbu upande mmoja tu. Upuuzi, Sista angesema. Lakini nilitaka kujua kwa ngozi yangu mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi, wananing'ata. Saa kumi na mbili na nusu, bado. Jua likishapanda kimo cha mtu na kaupepo ka mto kakaanza, saa moja hivi, hakuna hata mmoja. Saa mbili jua bado linavumilika kwa losheni, mikono mirefu na mwavuli. Saa mbili na nusu, ngozi inaanza kuniambia toka.

Kwa hiyo nina muda wa saa moja tu. Ukizidi sana, saa moja na nusu. Mashimo matano, sita ukitembea haraka. Jioni sichezi tena, wala sitamwomba mtu acheze nami.

Nimewaandikia wenzangu wote. Wawili wamesema ni ujinga, gofu ya mashimo matano si gofu. Jamaa wa idara ya maji amesema sawa. Amenunua soksi.


Jumatano, 9 Aprili

Sista amenikagua shingo. Ngozi mpya, nyembamba, ya waridi. Alama moja haipendi. Ameiandika, ameipima kwa rula, nitarudi baada ya mwezi. Nimeipokea kama nilivyopokea nyingine.

Mwalimu amefikisha kilo alizokuwa nazo Desemba, karibu. Anatembea jioni barabarani, akiwa amevaa suruali. Anasema joto la suruali litamuua kabla ya mdudu.


Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ilinyesha juzi na mchanga umeshikana. Saa moja kasoro dakika tano niliegesha baiskeli. Upepo ulikuwepo.

Mwalimu alikuja, kwa mara ya kwanza tangu augue. Mama Nakiru alikuwa naye, amebeba kiti kidogo cha mbao. Alikiweka chini ya mwavuli, Mwalimu akakaa. Hakuja kucheza. Alikuja kutazama mpira unaangukia wapi, alisema, na vijana wa idara ya maji watautafuta wao.

Nilijipaka. Uso, masikio, kidevu, mikono. Mama Nakiru alisimama anatazama jinsi ninavyofanya, hatua kwa hatua, bila haya. Nilipofunga chupa, alinyoosha mkono. Nikadhani anataka kuona maandishi. Nikampa.

Akapita nyuma yangu. Akashusha ukosi wa shati. "Hapa hujafika," alisema.

Akanipaka shingo. Kiganja kizima, kigumu, cha mwanamke aliyekamua mbuzi maisha yake yote. Alipita juu ya ngozi mpya polepole, kisha nyuma ya masikio, yote mawili, na lile lenye pengo. Alimimina tena, akarudia. Nilisimama nimeinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa anatazama mto.

Aliponirudishia chupa alijifuta mikono kwenye nguo yake.

"Subiri ikauke," alisema.

Nikasubiri.